Ni Kweli au Si Kweli

Kila asubuhi, kabla hajagusa kazi yoyote, Fundi alimbeba mama yake nje. Nyumba nzima ilimwita mama huyo Bibi. Kiharusi kilikuwa kimemwacha na miguu isiyomsikia, na chumba chake cha nyuma kilikuwa na dirisha dogo lisilopata jua. Basi mwanawe alimwinua kitandani, akampitisha mlangoni kiubavuubavu, akamkalisha barazani kwenye kiti chenye mto.

"Polepole," Bibi alikuwa akisema. "Mimi si friji."

"Friji hailalamiki, mama."

"Ndiyo maana zinakufa. Mnazibeba ovyo na hazina pa kusemea."

Fundi alitengeneza friji za watu. Mkewe, Mama Pacha, alifua shuka za hospitali, na dawa ya kufulia ilikuwa imemchubua vidole. Walikuwa na mapacha wa kike waliokuwa wameanza shule. Hawakuwa na kitu cha ziada, lakini walikula, walicheka, na kodi ya nyumba walijitahidi.

Mama Pacha alikuwa na mdomo. Fundi hakuwa nao. Ugomvi ukianza, mume alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ni kweli mke wangu, nimekosa. Yaishe." Alisema hivyo hata kwa makosa ambayo hakuyafanya. Siku moja aliomba radhi kwa kuvunja jagi ambalo Bibi ndiye aliyelivunja, na Bibi alikuwa palepale, anakunywa chai yake kimya. Kwa watu wa nyumba ile, kukubali hakukuwa na maana kwamba umetenda. Maana yake ni kwamba chakula kipakuliwe, watu wale, walale.

Kazi ya Fundi nayo ilikwenda kwa mdomo tu. Mteja akisema "chukua", alichukua. Hakuandika popote, wala hakuita shahidi. Siku moja aliitwa kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi ya mabasi. Friji ya jikoni ilikuwa haigandishi. Fundi aliipindua, akaisikiliza, akamwambia msimamizi wa nyumba ile kwamba kompresa imechoka. Kompresa ni ile mashine nyeusi ya nyuma, huko chini, inayonguruma.

"Kaitengenezee kwako," msimamizi alimwambia. "Hapa utanichafulia jiko, na wageni wanakula."

Fundi aliifungua kompresa ile, akaibeba begani mchana kweupe, akaenda nayo nyumbani.

Kesho yake mwenye nyumba ya wageni alirudi kutoka safari. Alikuta friji imegeuzwa mgongo, na mgongoni mna tundu. Akauliza. Msimamizi aliona tajiri amekasirika, akaihofia ajira yake, akasema hajui lolote. Aliona fundi akiingia, basi. Uongo ule haukumchukua hata dakika moja.

Polisi walipofika, Mama Pacha ndiye aliyewafungulia mlango. Fundi aliwavutia viti.

"Mnaulizia kompresa? Hii hapa. Imebaki kujaribiwa tu," alisema, akaanza kuwaeleza ubovu wake.

Askari mmoja alimtazama mwenzake. Mwizi gani anakukaribisha kiti na kukuonyesha alichoiba? Hata hivyo walimfunga pingu. Walikuwa wametumwa kumleta mtu, na mtu alikuwa amepatikana.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake barazani. "Mnampeleka wapi?"

"Anakwenda kutoa maelezo tu, Bibi."

"Atarudi saa ngapi? Maana yeye ndiye wa kuniingiza ndani."

Askari walimtoa Fundi hadi njiani. Jioni Mama Pacha alimwita jirani, wakamwinua Bibi wawili, wakamgonga kiwiko mlangoni. Bibi hakulalamika, na hilo ndilo lililomtia Mama Pacha hofu.

Asubuhi alimkuta mumewe mahabusu, nyuma ya nondo. Waliruhusiwa kuongea kidogo, na muda ule mdogo Mama Pacha aliutumia kumpa mumewe ushauri. Ushauri huo anaujutia mpaka leo.

"Sikiliza, baba watoto. Leo unapelekwa mahakamani. Usibishane na wakubwa. Ukianza kubisha watasema una jeuri. Kubali yaishe."

"Lakini sikuiba."

"Kwani mimi nimesema umeiba? Najua hukuiba. Nimesema kubali yaishe. Hakimu naye ni mtu. Akiona mnyenyekevu, atakuonya tu, urudi nyumbani. Mama anakusubiri."

Fundi alifikiri kidogo. "Sawa," alisema. Mke ndiye aliyekuwa na maneno, na siku zote alimwamini kwa maneno.

Mahakama ilikuwa na ukumbi mmoja wenye mabenchi marefu. Ukutani, karibu na njia ya kwenda chooni, palikuwa na tangazo: MSAADA WA KISHERIA, BURE, MLANGO WA NYUMA. Mama Pacha alilisoma mara mbili. Kisha akajiambia kwamba msaada ule ni wa watu wenye kesi kubwa, za mauaji, za mashamba. Wao walikuwa na kikesi tu cha kompresa. Tena kitu cha bure siku hizi mtu anakiogopa, hajui mwisho wake atadaiwa nini. Alikaa kwenye benchi, akakunja mikono.

Fundi aliposimamishwa kizimbani, shati lake lilikuwa na vumbi la sakafu. Hakimu alikuwa na mafaili hadi kidevuni na kikohozi kilichomsumbua. Alisoma shitaka kwa haraka. Kwamba wewe, tarehe fulani, mahali fulani, uliiba kompresa moja ya friji.

"Ni kweli au si kweli?"

Fundi aligeuka akamtafuta mkewe. Mama Pacha aliinamisha kichwa kumwambia ndiyo.

"Ni kweli, mheshimiwa. Niliichukua, nikaitengeneze."

Hakimu alikuwa ameshainama anaandika. Mwendesha mashtaka alisoma maelezo mafupi: kompresa ilikutwa kwa mshitakiwa. Je, maelezo hayo ni ya kweli? Fundi alisema ni kweli, kwa sababu ilikutwa kwake. Je, ana la kusema kabla ya adhabu? Hapo Fundi alishtuka.

"Adhabu ya nini, mheshimiwa? Mimi nina mama mgonjwa. Naomba yaishe."

Hakimu alisema amezingatia kwamba mshitakiwa hakuisumbua mahakama. Akampa kifungo cha mwaka mmoja na nusu. Faili likafungwa, likaitwa jingine. Mama Pacha alibaki amesimama katikati ya ukumbi hadi karani alipomwomba apishe. Alipokuwa anatembea kuelekea nyumbani, jambo moja tu lilikuwa kichwani mwake: mume wangu nimemfunga mimi.

Bibi alimuuliza, "Vipi?"

Mama Pacha aliangalia chini. "Imeahirishwa, mama."

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya, na sitazipamba. Mapacha walirudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa viatu. Mama Pacha alichukua zamu za ziada, akawa anarudi mikono imevimba. Kumbeba Bibi hakuweza. Mwanzoni yeye na mapacha walimlaza juu ya blanketi, wakamburuta hadi mlangoni ili angalau aone watu. Baada ya siku kadhaa Bibi alisema, "Acheni tu. Mnaniumiza, na nyinyi mnaumia. Nitatoka akirudi." Akabaki kwenye chumba kisicho na jua, akihesabu kuahirishwa kwa kesi ambayo ilikuwa imeshakwisha.

Mama Pacha hakwenda kuuliza popote. Nani wa kumuuliza? Mume alikuwa amekubali kwa mdomo wake, mbele ya watu. Aliona aibu. Aliona pia kwamba hakimu akishagonga meza, mambo yamekwisha, kwa sababu ndivyo kila mtu alivyomwambia.

Aliyemwambia tofauti alikuwa askari wa gerezani, mwanamke aliyekuwa akikagua vyakula vya wageni getini. Siku moja alichambua ndizi za Mama Pacha, akauliza bila kuinua macho, "Mumeo amekata rufaa?"

"Rufaa ya nini? Alikubali."

"Alikubali nini?"

Mama Pacha alimsimulia. Askari aliacha kuchambua ndizi. "Dada, nenda ule mlango wa nyuma wa mahakama. Nenda leo. Muda wa rufaa una mwisho, na wako nafikiri umeshapita. Nenda hivyohivyo."

Ofisi ya msaada wa kisheria ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na feni mbovu. Wakili alikuwa mmoja tu, na siku nyingi alikuwa ukumbini na kesi za wengine. Aliyepokea watu alikuwa msaidizi wa kisheria, mama wa makamo mwenye mafua, anayepenga kamasi kila baada ya sentensi. Hakumkaribisha Mama Pacha kwa maneno matamu. Alimvutia kiti, akamwacha amalize kulia, kisha akaanza kuuliza.

"Hakimu alipouliza ni kweli au si kweli, mumeo alisema 'ni kweli' akanyamaza, au aliendelea?"

"Aliendelea. Alisema, niliichukua, nikaitengeneze."

"Una hakika?"

"Nilimsikia kwa masikio yangu. Mimi ndiye niliyemwambia akubali."

Msaidizi alipenga kamasi. "Watu wengi wanaambiwa hivyo na ndugu zao. Sasa nisikilize vizuri, mama. Nyumbani ukisema 'ni kweli', unaweza kuwa unamaanisha nimekusikia, au tuache ugomvi. Mahakamani haina maana hiyo. Kule 'ni kweli' maana yake nimetenda kosa hili kama lilivyosomwa. Ukisema hivyo, mashahidi hawaitwi. Hakuna anayeulizwa chochote. Kinachofuata ni adhabu."

"Sasa angesema nini?"

"Kuiba ni kuchukua mali ya mtu bila ruhusa yake, kwa nia ya kumnyima. Yeye alipewa ruhusa?"

"Alipewa na msimamizi."

"Basi hakuiba. Angesema si kweli. Basi, maneno mawili. Kusema si kweli siyo jeuri, wala hakimu hakasiriki. Ni kumwambia kwamba wewe una maelezo yako, na upande wa pili ulete ushahidi wao. Angesema si kweli, msimamizi angeitwa aape na aulizwe. Na kama hakuelewa shitaka, angesema sielewi, naomba nielezwe. Angeweza pia kusema naomba kuonana na mtu wa msaada wa kisheria kabla sijajibu. Sisi tuko hapa, hatua chache kutoka kizimbani."

Mama Pacha alifunika uso. "Niliona tangazo lenu. Siku ileile. Nilikaa chini yake."

Msaidizi hakumwambia kwamba haina neno, kwa sababu lilikuwepo neno. Alimwambia, "Wengi wanalipita. Wanafikiri bure ni mtego, au ni ya kesi kubwa. Huduma hii ni ya mtu asiyeweza kulipa wakili, kesi iwe kubwa au ndogo. Hatuchukui chochote, na mtu akikudai kitu hapa, njoo uniambie."

Kisha akaeleza njia iliyobaki. Mfungwa anaweza kukata rufaa, na anaweza kuianzia hukohuko gerezani, kwa kumwambia mkuu wa gereza. Muda ukishapita, anaomba mahakama imwongezee, na anatoa sababu. Wao wangeomba nakala ya mwenendo wa kesi, yaani yale yaliyoandikwa ukumbini neno kwa neno. Kama maneno "nikaitengeneze" yaliandikwa, basi jibu la Fundi halikuwa kukiri kosa, na hakimu alipaswa kuliandika kama kukana.

"Kwa hiyo atatoka?"

"Sikuahidi. Wakili ni mmoja na mafaili unayaona. Itachukua muda."

"Nina mama mkwe mgonjwa."

"Nimesikia," msaidizi alisema. "Nitaandika kwamba ni ya haraka. Kila faili hapa nimeandika ni ya haraka."

Huo ndio ulikuwa ukweli wake, na Mama Pacha aliondoka nao. Wakili alikwenda gerezani kumwona Fundi. Nakala ilichelewa, kwa sababu mchapaji alikuwa likizo. Ilipotoka, maneno yalikuwemo, yote: ni kweli, niliichukua, nikaitengeneze. Wakili alitabasamu, na kwa mara ya kwanza Mama Pacha alilala usingizi. Maombi ya kuongezewa muda yalikubaliwa. Rufaa ikapangiwa tarehe. Tarehe ilipofika, jaji alikuwa mgonjwa. Ikapangwa nyingine.

Mama Pacha aliporudi nyumbani alimwambia Bibi, "Imeahirishwa, mama," na safari hii hakudanganya.

Bibi alifariki kabla ya tarehe ile ya pili. Alifariki asubuhi, wakati Mama Pacha yuko kazini, mikono ndani ya maji ya shuka za watu. Jirani alimfuata. Mama Pacha alikimbia gerezani kuomba mume aruhusiwe kuja kuzika. Mkuu wa gereza alimsikiliza kwa heshima. Alisema ruhusa anaweza kuitoa, ila gari la kumleta mfungwa limepelekwa mbali, na bila gari na askari hawezi. Fundi alipewa habari akiwa foleni ya uji. Bibi alibebwa na majirani. Siku hiyo jua lilikuwa kali sana, na Bibi ndiyo kwanza alikuwa anatoka nje.

Jaji alipoisikiliza rufaa, haikuchukua muda mrefu. Alisoma maneno ya Fundi kwa sauti. Alimuuliza wakili wa serikali, mtu anayesema alichukua kitu ili akitengeneze, amekiri kuiba? Wakili wa serikali alisema hapana, mheshimiwa jaji, na hatutetei hukumu hiyo. Jaji alifuta hukumu na adhabu, akasema haoni sababu ya kuirudisha kesi ianze upya, mshitakiwa aachiwe. Fundi hakuelewa mpaka wakili alipomgusa bega.

Nje, kwenye ukumbi wa kupitia, alimkuta mkewe na yule msaidizi wa kisheria. Fundi alikuwa amekonda, na mashavu yalikuwa yameingia ndani. Alimshukuru msaidizi kwa mikono miwili. Kisha akauliza swali ambalo Mama Pacha alikuwa amelikimbia muda wote.

"Tungekuja kwenu siku ile ya kwanza, kabla sijajibu, ningetoka lini?"

Msaidizi alikunja kitambaa chake cha mafua. Angeweza kudanganya.

"Ungepata dhamana siku ileile, nadhani. Jioni ungekuwa nyumbani. Kesi yenyewe ingekufa msimamizi akishaapishwa."

Fundi aliitikia kwa kichwa.

Haki ilipatikana, basi. Nani atakataa? Karatasi ipo, ina muhuri. Lakini wewe unayesoma, ukiwa na ndugu yako amekamatwa kesho, usisubiri karatasi. Uliza kabla hajafungua mdomo: ofisi ya msaada wa kisheria iko wapi? Mahakama nyingi zina watu wake, au karani anawajua. Kama ameshafungwa, uliza hivyohivyo. Kuchelewa kunagharimu, na Mama Pacha anaweza kukuambia kunagharimu nini.

Yeye sasa, siku asizokuwa na zamu, anakaa kwenye benchi la mahakama, chini ya lile tangazo. Msaidizi alimfundisha mambo ya kusema na mambo ya kumwachia wakili. Akimwona mtu anatazama ukuta bila kusoma, anamsogelea, anamuuliza amemfuata nani, anamshika mkono na kumpeleka mlango wa nyuma. Karani anamtania kwamba amekuwa afisa wa serikali asiye na mshahara. Tangu aanze, watu kadhaa wamesema si kweli pale kizimbani na wamerudi kwao jioni. Fundi naye sasa haondoki na kifaa cha mtu bila hati yenye sahihi mbili. Wateja wengine wanamwona msumbufu. Anawaacha waende.

Nyumbani hawakuwa wakimzungumzia Bibi. Ilichukua muda hadi mchana mmoja, Fundi akiwa barazani anafungua mota, Mama Pacha anachambua mchele, ndipo Fundi alipouliza bila kuinua kichwa.

"Alikuwa akiniulizia?"

"Kila siku."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kesi imeahirishwa. Sikuweza kumwambia umefungwa."

"Naye alisema nini?"

Mama Pacha aliweka ungo chini. "Alisema nisimlaumu hakimu. Alisema huenda naye ana mama mgonjwa, amekwenda kumuuguza."

Fundi aliiweka bisibisi sakafuni. Alilia palepale barazani, mchana, watu wakipita njiani, na mkewe hakumwambia anyamaze.